Kilwa, Lindi Hapa

Mashine yenyewe ukiiona utacheka. Iko sebuleni kwa Bi Romana, nyuma ya soko la Lindi, juu ya kabati la vyombo, kati ya picha yake ya harusi na kopo la unga wa muhogo. Inaenea kiganjani. Ina kitaa cha kijani kinachopepesa mchana kutwa, na waya mmoja unaokwenda kwenye betri ya sola, kwa ajili ya siku umeme ukikatika. Wageni wakiiona huuliza kama ni king'amuzi kipya. Romana huwajibu kwamba hicho ni kijiji, na humo ndani kuna watu. Hapo mgeni humtazama mara ya pili kwa huruma, maana mjane mstaafu akikwambia ana kijiji juu ya kabati, lazima ujiulize kama usiku analala vizuri.

Analala vizuri sana. Na kijiji kipo kweli. Lakini kukieleza, lazima turudi nyuma, kwenye miaka ile ya themanini, sukari ilipokuwa ya foleni na mtu akitaka kuongea na nduguye wa mkoa mwingine alikuja ofisi ya simu, akaketi kwenye benchi, akangoja.

Romana alikuwa msichana kutoka Rutamba, Mmwera, mtoto wa mkulima wa korosho. Masista walimsomesha, akaajiriwa Lindi mjini kuwa opereta wa swichibodi. Kwa ninyi mliozaliwa na simu mkononi, swichibodi ni ubao mkubwa wenye vitundu, kila kitundu na namba yake. Mtu akipiga, kifuniko kidogo kinaanguka, opereta anachomeka waya, anauliza, "Nikupe nani?" Kisha anachukua waya wa pili na kuuchomeka kwa anayetafutwa. Lindi ilikuwa na ubao wake. Kilwa ilikuwa na wake, Mtwara na wake. Hakuna ubao uliokuwa mtumishi wa mwingine; kila mmoja uliwahudumia watu wake, na kati yao kulikuwa na waya. Ukihitaji mtu wa Kilwa, unamwita opereta wa Kilwa, naye anamtafuta.

Opereta wa Kilwa aliitwa Amiri. Alikuwa Mmatumbi wa milimani, Mwislamu, kijana mwenye sauti nene ya kicheko. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, ilibidi laini ijaribiwe.

"Kilwa, Kilwa, Lindi hapa."

"Lindi, nakusikia. Nani huyo anathubutu kumwamsha bwana wake?"

"Bwana gani? Namwamsha mtumwa wangu akafagie uwanja."

"Loo! Mla panya leo kashiba. Haya, mtumwa wangu, laini ni safi. Fungua duka."

Hivyo ndivyo siku zilivyofunguliwa. Msomaji wa kwetu hana haja ya kuelezwa. Wa mbali aelewe tu kwamba Mmwera na Mmatumbi ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Mtani anakutukana mbele ya mkweo, nawe unacheka. Anachukua jogoo wako, nawe unamfungia na chumvi. Neno "mtumwa" pwani hii si la mchezo. Watu waliuzwa Kilwa kweli, na bibi zetu waliyajua majina yao. Pengine ndiyo sababu watani walilichukua neno lenyewe, wakalirusha huku na huku mpaka likapoteza meno. Mtu asiyeitwa mtumwa na yeyote kwetu ni mtu mpweke.

Kwa miaka ya mwanzo Romana hakuwahi kumwona Amiri. Aliijua sauti tu. Aliijua ikiwa na mafua, aliijua mwezi wa Ramadhani ikiwa na kiu, aliijua ikisema uongo. Uongo wenyewe ulikuwa mmoja: mama akilia kwenye simu na muda wake umekwisha, Amiri alisema, "Laini ina tatizo kidogo, mama, endelea tu," na saa yake ikawa imesimama. Mkuu wa ofisi hakupata kujua ni kwa nini laini ya Kilwa ilikuwa na matatizo mengi hivyo.

Kisha baba yake Romana akafa, kule Rutamba. Asubuhi iliyofuata mwenzake alishika ubao, akamwambia Amiri kwamba Romana ana msiba. Mwenzake alisikia tu visikizio vikiwekwa mezani kule Kilwa.

Mazishi yalikuwa siku ya pili yake. Jeneza lilikuwa limeshatoka kanisani, wanawake wanaimba, Romana ameshikwa na shangazi zake huku na huku, hana machozi tena, hana hili wala lile. Akili yake ilikuwa imeganda. Walipofika kaburini wakakuta watu wamesimama wanachungulia chini, wengine wameziba midomo. Ndani ya kaburi kulikuwa na mwanamume amelala chali, kanzu yake nyeupe yote udongo, mikono nyuma ya kichwa.

"Siinuki," alisema mtu yule. "Huyu mzee alikuwa mtumwa wangu. Hawezi kulala kitandani kabla bwana wake hajapima godoro. Na godoro lenyewe gumu! Wamwera mna roho mbaya. Leteni panya wa kuchoma ndipo nitoke."

Romana alisikia sauti ile, akasukuma shangazi zake pembeni. Alikwenda mpaka ukingoni, akachungulia. Alimwona mtu mwembamba, mfupi, mwenye masikio makubwa, ambaye kwa sauti ile alimdhania kuwa jitu. Alikuwa amepanda lori la korosho, halafu akatembea sehemu iliyobaki kwa miguu.

"Toka humo, Mmatumbi wewe," Romana akasema. "Usichafue udongo wetu."

Na akacheka. Alicheka mpaka akalia, na alipolia ndipo mwili ukamrudia, akaweza kumzika baba yake. Katekista aliangalia pembeni akijikuna shingo. Watu walimpa Amiri kuku kwa sababu panya hakupatikana, akalalamika kwamba kuku ni mdogo, akatoka kaburini, akashika koleo na kufukia kuliko wote. Jioni akapanda lori kurudi. Hiyo ndiyo mara pekee walipoonana.

Romana hakusahau. Anasema mpaka leo kwamba mtu akikuchekesha siku ya kumzika baba yako, umekuwa na deni ambalo halilipwi sokoni. Linalipwa mahali palepale, kwenye kaburi lake, kama atatangulia yeye kufa. Na kama utatangulia wewe, basi yeye atakuja tena kupima godoro.

Zikaja mashine za kujiendesha, ubao wa Lindi ukang'olewa, wa Kilwa ukang'olewa. Romana akahamishiwa dirishani kuuza stempu mpaka akastaafu. Amiri akarudi milimani kupanda machungwa. Na hapo wakapotezana, maana ajabu ya watu wa simu ni kwamba nyumbani kwao hakukuwa na simu.

Miaka mingi baadaye Romana alinunuliwa simu ya kupangusa na mwanawe. Akaingizwa kwenye kundi la watu wa kusini, katika ule mtandao mkubwa ambao kila mtu yumo. Siku moja mtu aliandika humo kwamba machungwa ya Matumbi yameiva, na Romana, bila kufikiri, akajibu kwamba Wamatumbi wanajisifia machungwa kwa sababu hawana kingine. Jibu likaja palepale.

"Lindi, nakusikia. Mtumwa wangu, kumbe hujafa?"

Alikaa na simu mkononi, moyo unamwenda mbio kama msichana. Walitaniana wiki mbili tu. Kisha Amiri akatoweka. Binti yake, Hamida, muuguzi huko Maskati, ndiye aliyemfungulia akaunti ile kutokea mbali, na ndiye aliyeandika kueleza: baba amefungiwa. Mashine ya mtandao ule ilisoma "mtumwa" na "mla panya", ikaamua kwamba huyu mzee ni mtu mbaya anayetukana kabila la watu. Alikata rufaa, ikajibu mashine nyingine kwamba uamuzi ni wa mwisho.

Romana alikasirika siku nyingi. Kilichomuudhi si kufungiwa tu. Ni kufungiwa bila kuulizwa. Hata mkuu wa ofisi ya simu, pamoja na ukali wake, alikuwa na mlango unaoweza kuubisha.

Mkwewe, Jenipher, mke wa mwanawe, anafundisha kompyuta katika chuo kimoja hapo mjini. Ni mtu wa maneno machache na mikono mingi. Jumapili moja, wakichambua mchicha barazani, alimsikiliza mama mkwe akilalamika kwa mara ya kumi, akasema:

"Mama, upo mtandao mwingine. Hauna mwenyewe mmoja. Wanauita wa shirikisho. Kila watu wanajenga nyumba yao, wanaweka sheria zao, ufunguo wanao wenyewe. Halafu nyumba zinaongea. Wewe ukiwa nyumba hii unamwandikia wa nyumba ile, anapata."

Romana aliacha mchicha. "Nyumba hii ikitaka kuongea na ile, inaiita?"

"Ndiyo."

"Na ile ikikataa?"

"Inakata laini. Lakini nyumba yako inabaki yako."

"Jeni, mwanangu," Romana akasema, "hiyo si swichibodi hiyo?"

Jenipher alifikiri kidogo. Alikuwa amesoma vitabu vizima kuhusu mambo hayo, na hakuna kilichomweleza hivyo. Akakubali kwamba ndiyo, ni swichibodi.

Basi wakajenga. Kwa kweli alijenga Jenipher, Romana akisimama nyuma yake na kuuliza kila waya unakwenda wapi. Mashine ikawekwa juu ya kabati, kijiji kikaitwa Swichibodi, maana jina jingine lingekuwa uongo. Jenipher alisema panahitajika sheria. Romana alitoa tatu bila kusita: ukiingia, salimu; humu si sokoni, usiuze kitu; utani ruksa, ila kwa mtani wako tu.

"Na lazima pawe na swali la mlangoni," Jenipher akasema, "ili wasiingie matapeli. Anayeomba kuingia unamwuliza kitu."

Romana hakuhitaji kufikiri. Swali la mlangoni likawa hili: Wewe ni wa wapi, na mtani wako ni nani? Jenipher alisema vijana wengi hawatajua kujibu. Romana akasema wakawaulize bibi zao, ndiyo kazi ya bibi.

Siku za mwanzo, kusema ukweli, zilikuwa za aibu. Kijiji kilikuwa na watu wawili, na wote walilala nyumba moja. Romana aliandika, "Habari za asubuhi wanakijiji," na mwanakijiji akamjibu kutoka jikoni. Kwa jirani hakusema kitu. Lakini kila asubuhi, chai ikiwa mezani, aliandika mstari uleule: Kilwa, Kilwa, Lindi hapa. Na kila asubuhi hapakuwa na jibu, maana Hamida alikuwa ametumiwa maelekezo huko Maskati na hajapata likizo ya kukaa na baba yake kwenye simu na kumwelekeza hatua kwa hatua.

Hatimaye swali la mlangoni likajibiwa. Mwombaji aliandika: Mimi wa milimani Kilwa, ukiuliza tena nitakuchapa. Mtani wangu ni huyo mtumwa anayeshika ufunguo. Fungua.

Kuanzia hapo kijiji kikaamka. Amiri alikuwa na jambo la kusema juu ya kila kitu, hata ahadi ya kumletea mtumwa wake machungwa, na watu walikuja kumsikiliza. Akaingia mwalimu mstaafu wa Mtama, wakaingia ndugu wawili wa Mchinga waliokuwa hawaongei kwa ajili ya minazi na ambao hawakujua kwamba wote wamo. Vijana wakaenda kweli kuwauliza bibi zao. Romana hakuwahi kuwa na watu wengi hivyo tangu mumewe alipofariki, na alilisema hilo waziwazi, kwamba anaamka na hamu.

Hamida mwenyewe hakuhamia. Yeye alikuwa na akaunti katika nyumba nyingine ya shirikisho hilohilo, nyumba ya wauguzi wa mataifa yote, iliyoko sijui nchi gani ya baridi. Kutoka huko alimfuata baba yake. Amiri akiandika Swichibodi, Hamida anasoma Maskati akiwa zamu. Mara mojamoja alichomeka neno: "Mama Romana shikamoo, usimwonee baba yangu." Romana akajibu, "Marahaba mwanangu, ila baba yako ni wa kuonewa." Laini ilikuwa safi.

Mwaka huo masika yalizidi. Mito ilipanda, barabara ya Kilwa ikakatika sehemu kadhaa, mabasi yakalala Lindi, malori yakalala upande wa pili. Na katikati ya mvua zile Romana akaandika Kilwa, Kilwa, Lindi hapa, na aliyejibu akawa Hamida.

"Mama Romana, shikamoo. Baba ametutoka alfajiri. Anazikwa kesho baada ya adhuhuri. Mimi siwezi kuwahi. Innalillahi."

Romana alisimama, akachukua mkoba, akaenda stendi na mwavuli. Wakamwambia hakuna gari. Akauliza lori. Wakamwambia mama, hata pikipiki haipiti, daraja limekwenda na maji. Aliuliza kila dereva, mmoja baada ya mwingine, kama mtu asiyeelewa Kiswahili. Jenipher alimkuta huko ameketi juu ya gunia la mkaa, viatu vimejaa tope.

"Nina kazi yangu kule," alisema Romana. "Nani atamlalia kaburini?"

Jenipher alimshika mkono, akamwinua. Lakini njiani kurudi, Romana alinyamaza kwa namna ambayo Jenipher ameizoea, namna ya mtu anayetafuta kitundu kwenye ubao. Laini ya moja kwa moja ikikatika, opereta hazimi ubao. Anatafuta njia ya kuzunguka. Alipofika nyumbani hakubadilisha hata nguo. Aliketi chini ya kabati, akaandika mbele ya kijiji kizima, akimtaja Hamida ili yamfikie na huko aliko:

"Tangazo. Mtumwa wangu Amiri amekufa bila ruhusa yangu. Nilimwachia uwanja afagie, kaenda kulala. Naagiza asizikwe, atupwe porini fisi wamle. Ila fisi nao nawahurumia, nyama ya Mmatumbi ni ngumu kwa kupanda milima. Hamida, usilie. Unamlilia nini mtu mwenye masikio kama ungo? Nipeni machungwa yangu aliyoniahidi, la sivyo nakuja kumfukua."

Watu wa kijiji waliosoma walicheka na kulia pamoja, kama inavyotakiwa. Ndugu wawili wa Mchinga walijibu mmoja baada ya mwingine. Kutoka kwa Hamida hakukuja kitu. Romana akangoja. Kitaa cha kijani kikapepesa. Kisha likaja neno kutoka kwa walinzi wa nyumba ya wauguzi, fupi na la adabu sana.

Walinzi wale hawajui Kiswahili, nani wa kuwalaumu. Walikuwa na mashine ya kutafsiri, nayo ilitafsiri neno kwa neno: kuna mwanamke pwani ya Afrika ana mtumwa, mtumwa amekufa, na bibi huyo anaagiza maiti itupwe kwa fisi, kisha anamtishia yatima. Mimi mwenyewe ningestuka. Walisema wamekata laini na Swichibodi kabla maneno hayo hayajamfikia Hamida. Maneno yakifutwa na mwandishi akafukuzwa kijijini, watafikiria kufungua.

"Mwandishi ndiye mwenye nyumba," alisema Romana. "Nijifukuze?"

Jenipher aliwaandikia barua ndefu kueleza utani ni nini. Hawakujibu. Akarudi kwa mama mkwe, akaketi karibu naye.

"Mama, tuyafute tu. Tuweke pole ya kawaida. Wakifungua, Hamida ataiona. Au tutafute namba yake, umwambie mwenyewe kwa simu, sikioni."

"Utani wa sikioni ni matusi, Jeni. Utani ni mbele za watu." Romana alikuwa akiukunja na kuukunjua upindo wa khanga. "Na pole ya kawaida atapewa na kila mtu. Baba yake hakunipa mimi pole. Alilala kwenye udongo."

Hakufuta. Lakini msidhani aliona fahari. Kesho yake, baada ya adhuhuri, alijua kwamba kule milimani wanamshusha. Alijua pia kwamba hakuna Mmwera pale, na kwamba Hamida, Maskati, ameona simu kimya: mtani wa baba, aliyemwita mtumwa kila asubuhi, siku ya siku hakusema hata neno. Kwetu huko ni kumkana marehemu. Romana alilia kama alivyoshindwa kulia kwa baba yake, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumchekesha. Alisema maneno ambayo Jenipher hakuwahi kumsikia akisema: kwamba ubao huu wote haukuwa na maana, kwamba angeuza tu hiyo mashine anunue kuku.

Siku zikapita. Asubuhi hakuandika tena mstari wake. Wanakijiji waliulizana, mwalimu wa Mtama akauliza kama ni mgonjwa.

Ilikuwa Jumamosi, Jenipher anakuna nazi, Romana anapanga vyombo, simu ilipolia mlio wa mlangoni. Kuna mtu anaomba kuingia kijijini. Romana hakutaka hata kuitazama. Alimwambia Jenipher afungue tu. Jenipher alifuta mikono, akasoma. Kisha akamletea simu mpaka mkononi.

Wewe ni wa wapi, na mtani wako ni nani?

Mwombaji alikuwa ameandika: "Mimi ni Hamida binti Amiri, wa milimani Kilwa, nimehama nyumba ya wauguzi, waniletee mizigo yangu wakitaka. Mtani wangu ni kizee mmoja mla panya wa Lindi. Nilimngoja siku tatu. Baba kazikwa, godoro halikupimwa. Mtumwa mkubwa wewe, ulikuwa wapi?"

Na chini yake, kwa herufi zilezile: "Shikamoo, mama."

Romana alisoma, akasoma tena. Alibonyeza kumkaribisha, akakosea, akabonyeza tena. Hamida akaingia, na tangazo lilikuwa palepale lilipoachwa, na chini yake vicheko vya kijiji kizima vya siku ile. Angefuta, mtoto wa Amiri angekuta nini?

Ndipo alipoweka simu mezani, akasogeza kiti, akasogeza meza, akajilaza chali sakafuni, kwenye saruji ile isiyo na mkeka, mikono nyuma ya kichwa. Jenipher alipiga ukelele akidhani ameanguka.

"Sijaanguka. Nipige picha."

"Mama, sakafu ina baridi."

"Kumbe kaburi la baba yangu lilikuwa na joto? Piga, mwanangu. Weka kijijini, waone wote. Andika: Siinuki mpaka niletewe machungwa ya Matumbi."

Jenipher akapiga, akaandika, akaweka. Romana akabaki pale chini. Kutoka sakafuni aliliona kabati kwa namna ambayo hajawahi kuliona, chini yake vumbi na kijiko kilichopotea tangu Krismasi, na juu kabisa kitaa cha kijani. Mgongo ulimuuma. Aliusikia moyo wake ukienda taratibu.

Simu ikalia. Jenipher akasoma kwa sauti.

"Hamida anasema: nimecheka hapa wodini mpaka wagonjwa wameamka, sasa nalia, nilikuwa sijalia tangu baba afe. Anasema, inuka mama, utapata baridi. Machungwa utaletewa barabara ikipona."

Romana alifumba macho. Machozi yalimshuka pembeni, yakaingia masikioni, akayaacha.

"Mwambie hayatoshi," alisema. "Mwambie bado napima godoro."